Manowari Ambayo Haikuundwa

Walimu walionifundisha historia walikuwa na onyo moja walilolirudia kila muhula: mwanahistoria haulizi "ingekuwaje". Maji yakimwagika hayazoleki, na kazi ya msomi ni kueleza yalivyomwagika na yalikoelekea, basi. Ni onyo la busara, maana swali hilo likishikwa na mtu mvivu hugeuka kuwa porojo za barazani. Hata hivyo, katika miaka yangu ya ukufunzi chuoni na baadaye ya ukuu wa shule, nimeliona likiwa na kazi moja ambayo swali jingine haliiwezi. Anayesema kwamba jambo fulani halikuweza kwenda vinginevyo amekwisha kumsamehe kila aliyekuwa na madaraka siku ile. Kama hapakuwa na njia ya pili, hapakuwa na uamuzi. Na pasipo na uamuzi hapana wa kulaumiwa wala wa kusifiwa. "Hapakuwa na jinsi" ni maneno niliyoyasikia katika vikao vingi, na aghalabu yalisemwa na mtu aliyekuwa na jinsi tatu au nne mezani pake.

Kwa sababu hiyo nina zoezi ambalo nimekuwa nikilifanya tangu nistaafu, katika daftari la miraba, kwa penseli na rula. Nasanifu manowari ya Japani ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, manowari ambayo haikuundwa. Najua msomaji atastaajabu. Mimi ni mtu wa bara, na chombo kikubwa nilichopata kukipanda ni meli ya ziwani. Lakini meli ya vita ni somo zuri kwa mwalimu kuliko mambo mengi yaliyo karibu naye. Ndani yake kila kitu kina uzito, na kila uzito una mahali pake. Ukiongeza hapa, lazima upunguze pale, la sivyo chombo kitapinduka na bahari haitasikiliza hoja zako. Hakuna ratiba ya shule wala bajeti ya chuo iliyo kali kiasi hicho.

Nimejiwekea sheria tatu. Ya kwanza, nisitumie ujuzi ambao msanifu wa siku zile hakuwa nao. Ya pili, nisitumie chuma, mtambo wala silaha ambayo haikuwapo nchini mwake. Ya tatu, nisiongeze kitu kabla ya kutaja kile ninachokiondoa. Mchezo usio na sheria hizi ni ndoto tu. Mtoto naye huchora meli yenye mizinga mia, nayo huelea vizuri sana juu ya karatasi.

Sasa nieleze jinsi Japani ilivyofika pale ilipofika. Mkataba wa Washington wa mwaka 1922 uliipa idadi ndogo ya meli kubwa za vita kuliko Uingereza na Marekani, kwa kipimo cha tatu kwa tano. Mkataba wa London wa 1930 ukafuata, ukaweka mpaka hata kwa manowari ndogo ziitwazo destroya: kwa Japani jumla yake isizidi tani 105,500. Maofisa wa Kijapani walijibu kama anavyojibu mwanafunzi aliyenyimwa muda wa kutosha wa mtihani, yaani kwa kujaza maneno mengi katika kila mstari. Tangu 1928 walikuwa wameanza kupokea destroya za aina ya Fubuki, zenye mizinga sita ya milimita 127 na mirija tisa ya topido, zikazidi kwa nguvu destroya zote za siku zile. Wakazidi kujaza. Machi 1934 chombo kipya cha topido kiitwacho Tomozuru kilipinduka katika dhoruba na wengi wa mabaharia wake wakafa. Septemba 1935 kimbunga kiliwakuta baharini wakiwa mazoezini, na destroya mbili, Hatsuyuki na Yugiri, zikakatika omo. Silaha zilikuwa nzito mno juu, na viungo vya chuma vilikuwa dhaifu mno chini. Ikabidi warudi gatini kuongeza farumi na kuimarisha viungo.

Lakini somo walilolipata lilihusu uzito tu. Lile swali kubwa zaidi, yaani meli hizi ni za kazi gani, halikuguswa. Jibu lake lilikuwa limekwisha kuwekwa tangu 1905, walipoishinda Urusi huko Tsushima katika pambano moja kubwa. Tangu siku hiyo walingoja pambano jingine la namna ile. Meli za Marekani zingevuka Bahari ya Pasifiki, na destroya za Japani zingezivizia usiku na kuzipiga topido kabla ya mapambazuko. Kwa kazi hiyo walitengeneza topido ya aina ya 93, yenye kutumia oksijeni badala ya hewa ya kawaida, iliyobeba baruti ya kilo 490 na kuweza kwenda kilometa 20 kwa mwendo wake wa kasi. Hapakuwa na mfano wake duniani. Na kwa ajili ya kubeba topido hiyo wakaunda destroya za aina ya Kagero na Yugumo, 38 kwa jumla, kila moja ikiwa na tani 2,000 hivi, mitambo ya nguvu ya farasi 52,000, na mwendo wa noti 35, yaani kilometa 65 kwa saa.

Ni meli nzuri kuzitazama. Majina yake pia ni mazuri, maana destroya za daraja la kwanza zilipewa majina ya hali ya hewa na ya anga: Fubuki ni dhoruba ya theluji, Kagero ni mzuko wa joto juu ya ardhi, Akizuki ni mwezi wa vuli. Zile za daraja la pili zilipewa majina ya miti na mimea. Jambo hilo dogo linaonyesha mengi. Taifa hutoa majina makubwa kwa kile linachokiheshimu.

Wakati huo huo Japani yenyewe ilikuwa nchi ya namna gani? Ilikuwa visiwa visivyo na mafuta ya kutosha, visivyo na chuma cha kutosha, vyenye kutegemea mchele na madini kutoka ng'ambo. Ilipoingia vitani Desemba 1941 ilikuwa na meli za biashara za jumla ya tani milioni 6 hivi, na iliingia vitani hasa kwa sababu ilinyimwa mafuta na Marekani miezi michache kabla, ikaenda kuyatwaa yale ya visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Kuyatwaa ni jambo moja. Kuyafikisha nyumbani kwa safari ya maelfu ya maili, katika meli za mwendo wa baiskeli, ni jambo jingine. Na kwa kazi hiyo ya pili, meli mpya zilizokuwa zimesanifiwa mahsusi kwa kusindikiza na kulinda, siku vita vilipoanza, zilikuwa nne. Nazo zilikusudiwa kulinda wavuvi wa kaskazini.

Hapo ndipo penseli yangu inapoanza kazi. Mwaka ninaouchagua ni 1939, wakati Wajapani walipopitisha mpango wao wa nne wa kuongeza manowari. Chombo changu kina tani 1,250 hivi. Mitambo yake ni ile ya nguvu ya farasi 19,000 iliyokuwa tayari ndani ya vyombo vidogo vya topido vya aina ya Otori, vilivyoanza kazi 1936. Mwendo wake ni noti 28. Mizinga yake ni mitatu, ya milimita 127, ya ile aina iliyotengenezwa kwa kuelekezwa juu, hivyo inafaa kupigia ndege na meli vilevile. Nayo ilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Nyuma nimeweka nafasi ya mapipa mengi ya baruti ya kutupia nyambizi. Topido hamna hata moja. Rada pia hamna, kwa kuwa mwaka huo hawakuwa nayo. Mjukuu wangu alinisihi niitie, nikamwambia kwamba sheria ni sheria.

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa hisabati aliyestaafu kama mimi, alipoliona daftari alicheka. "Mwalimu, umeondoa noti saba. Meli ya vita isiyo na mbio ni ya nini?" Nilifurahi aliuliza, maana jibu ni la hisabati. Nguvu inayohitajika kusukuma chombo majini haiongezeki sambamba na mwendo. Hupanda, kwa kukadiria, kwa kipeo cha tatu cha mwendo huo. Kutoka noti 28 kufika 35 si kuongeza robo ya nguvu. Ni kuikuza karibu mara mbili kwa chombo kilekile, na mitambo ikiwa mikubwa, chombo nacho lazima kirefuke, kikirefuka kinataka mitambo zaidi. Noti saba za mwisho ndizo zinazokula chuma, mafuta na mafundi. Nazo ni za kumkimbilia nani? Msafara wa meli za mizigo huenda noti nane au kumi. Nyambizi ya Kimarekani ya siku zile ilienda noti 20 hivi ikiwa juu ya maji, na chini ya nusu ya hizo ikiwa imezama. Noti 28 zinatosha kumfukuza mwizi huyo na kumpata.

Basi mwenzangu akakaa, tukafanya hesabu. Tuliondoa Kagero na Yugumo 12 kati ya zile 38. Kwa uzito wa chuma tulipata vyombo vyangu 19. Kwa nguvu ya mitambo, farasi 624,000 kugawa kwa 19,000, tulipata 32. Ukweli uko katikati, tukaandika 24. Tulipofika kwenye destroya iitwayo Shimakaze, iliyoanza kazi Mei 1943, yeye mwenyewe alitikisa kichwa. Chombo hicho kimoja kilipewa mitambo ya nguvu ya farasi 75,000, kikapita noti 40, kikabeba mirija 15 ya topido. Ulikuwa mpango kuunda vingine 16 vya namna yake. Havikuundwa, maana nchi haikuwa na uwezo tena. Mitambo ya Shimakaze moja ingekaribia kusukuma vyombo vyangu vinne. Novemba 11 mwaka 1944 ilizamishwa na ndege katika ghuba ya Ormoc, Ufilipino, ilipokuwa ikisindikiza meli za askari, kazi ambayo haikuhitaji mirija 15 wala noti 40.

Msomaji makini atasema kwamba najipendelea: ni rahisi kusanifu chombo kizuri baada ya miaka themanini. Naam, ingekuwa hivyo kama chombo changu kingekuwa changu. Kwa kweli Wajapani walikiunda wenyewe, ila walichelewa. Baada ya kupoteza destroya nyingi katika visiwa vya Solomon, walisanifu aina ya Matsu, maana yake msonobari. Ilikuwa na tani 1,262, mitambo ileile ya Otori, noti 27.8, mizinga mitatu ya kupigia ndege, na mirija minne ya topido. Boila na injini zilipangwa kwa kupishana, ili pigo moja lisizime zote mbili. Jambo jema ambalo destroya za fahari hazikuwa nalo. Ya kwanza ilianza kuundwa Agosti 1943 na kuingia kazini Aprili 28 mwaka 1944, chini ya miezi tisa, ilhali Kagero moja ilichukua miaka miwili hivi. Zikaitwa kwa majina ya miti: Take ni mwanzi, Kuwa ni mforsadi, Momo ni mfyulisi. Kila kilichokuwa ndani yake, ukiondoa rada, kilikuwapo tangu 1939. Kilichokosekana ni mtu mwenye cheo cha kutosha kusema kwamba hiki ndicho tunachokihitaji, na kwamba si aibu kukihitaji.

Hapo ndipo palipo na uzito wa jambo hili kwangu. Kulinda hakukuwa na heshima. Ofisa kijana mwenye akili alitaka destroya yenye jina la upepo, si kutembea taratibu kando ya meli ya mchele. Hata ushindi wao mkubwa ulifundisha jambo hilo bila wao kulisikia. Usiku wa Novemba 30 mwaka 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal, Admeri Tanaka Raizo akiwa na destroya nane alikutana na kikosi cha Wamarekani chenye nguvu kuliko chake. Topido zake ziliizamisha Northampton na kujeruhi vibaya meli nyingine tatu kubwa, naye akapoteza destroya moja tu. Ni pambano linalosifiwa hata na maadui zake. Lakini Tanaka hakutumwa kuzamisha meli. Alitumwa kupeleka mapipa ya chakula kwa askari waliokuwa wakifa njaa kisiwani, na mapipa yale hayakufika. Askari wenyewe walikuwa wamekipa kile kisiwa jina la kisiwa cha njaa. Walisikia mizinga usiku, na asubuhi hawakuwa na chakula.

Katika shule nimeona jambo la sura hiyohiyo. Kiongozi mmoja, simtaji wala simtaji mahali pake, alijenga lango la shule lenye nguzo na maandishi ya dhahabu, wakati kisima kilikuwa kimeharibika pampu na wasichana walitembea kilometa tatu kuteka maji. Lango lilizinduliwa kwa ngoma. Pampu ingetengenezwa bila ngoma yoyote, na pengine hiyo ndiyo sababu haikutengenezwa. Nilijifunza kuwauliza wanachuo wangu swali moja kila walipopanga jambo: je, hiki unachokiacha ndicho kinachobeba hiki unachokisifu?

Turudi baharini. Je, vyombo vyangu 24 vingegeuza vita? Nimelijibu swali hili mara nyingi, na kila mara jibu ni hapana. Vingeweza kuchelewesha. Topido za nyambizi za Marekani zilikuwa mbovu karibu miaka miwili ya mwanzo. Zilipita chini mno, au ziligonga bila kulipuka, na kasoro hizo zilimalizika mwishoni mwa 1943. Miaka hiyo miwili ilikuwa zawadi, na Japani iliipokea bila kuifungua. Mwaka 1942 ilipoteza meli za biashara za tani milioni moja hivi, mwaka 1943 kiasi cha milioni 1.8, na mwaka 1944 peke yake karibu milioni 4. Makao makuu ya kuongoza usindikizaji yalianzishwa Novemba 1943. Kama misafara ingepangwa tangu mwanzo na kulindwa na Msonobari wa 1939, mafuta zaidi yangefika nyumbani. Lakini Marekani iliunda destroya 175 za aina moja tu ya Fletcher, na juu yake mamia ya vyombo vidogo vya kusindikiza. Nchi iliyochagua kupigana na nchi ya namna hiyo haiokolewi na mchoro mzuri.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa pwani hii. Aprili 1942 ndege za Wajapani zilishambulia Colombo na Trincomalee, na Waingereza wakarudisha manowari zao nyuma hadi Kilindini. Wataalamu wao wa kufumbua maandishi ya siri walikuja nao, wakawekwa katika majengo ya shule ya Allidina Visram, Mombasa. Hapo, katika madarasa, ndipo ilipofumbuliwa mwaka huo lugha ya siri ya meli za biashara za Japani, hata safari zake zikaanza kufahamika kabla hazijafika. Nikiwa mwalimu siwezi kulipita jambo hili bila kutabasamu. Msanifu wa meli huko Japani angeweza kukokotoa kila kilo ya chuma, asijue kwamba njia za misafara yake zilikuwa zikisomwa katika shule ya Mombasa. Hakuna mchoro unaoziba tundu la namna hiyo.

Lakini bahari hiyohiyo ilileta msiba. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini kwenda Colombo, ukisindikizwa na manowari kuukuu Hawkins na destroya mbili, Paladin na Petard. Katika meli Khedive Ismail walikuwamo watu zaidi ya 1,500: askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301, mabaharia, na wauguzi wa kike. Februari 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Nyambizi ikajificha chini ya pale pale walipokuwa wakielea walionusurika, na destroya zikalazimika kutupa mapipa ya baruti karibu na watu waliokuwa wakiomba kuokolewa, kwa kuwa meli nne nyingine bado zilikuwa hatarini. Mwishowe Paladin iliigonga nyambizi ile na Petard ikaimaliza kwa topido. Walikufa watu 1,297 wa Khedive Ismail. Wengi wao walikuwa vijana wa nchi zetu, na makwao walikaa wakiwangojea.

Nilipomsimulia mjukuu wangu habari hii alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa Babu, kwa nini unawachorea meli watu waliowazamisha askari wetu?"

Swali hilo ni la haki, na sikumjibu siku hiyo. Nililala nalo. Wazee wetu waliorudi kutoka Burma hawakuwa na maneno mengi ya kuwachukia Wajapani; walikuwa na maneno machache tu kuhusu mvua, matope na rafiki waliobaki kule. Lakini utawala uliotuma nyambizi ile ulikuwa wa kikatili huko China, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. Mafuta ambayo chombo changu kingeyafikisha yangewasha ndege zake, na vita vingerefuka. Kila mwezi wa ziada ungekuwa na makaburi yake. Kwa upande mwingine, Septemba 18 mwaka 1944 nyambizi ya Kiingereza iliizamisha meli ya Kijapani Junyo Maru karibu na Sumatra, bila kujua kwamba ndani yake mlijaa mateka wa vita na vibarua wa Kijava waliolazimishwa kwenda kujenga reli. Walikufa zaidi ya 5,000. Msindikizaji mzuri angewaokoa siku hiyo, akawafikisha salama kwenye reli iliyokuwa ikiua watu kila siku. Hapa penseli yangu husimama. Mchoro mmoja huo huo ungeokoa na kuua, na hakuna mstari ninaoweza kuuchora wa kuokoa peke yake.

Siku ya pili nilimjibu mjukuu hivi. Siwachorei ili washinde. Nachora ili niwe na haki ya kusema kwamba walichagua. Kama chombo hiki kisingewezekana mwaka 1939, ningelazimika kuwahurumia wakubwa wale kama watu waliokumbwa na gharika. Lakini kiliwezekana, na mitambo na mizinga yake ilikuwa tayari ghalani. Basi kukosekana kwake ni uamuzi wa watu, na ni sehemu ndogo ya uamuzi mkubwa zaidi wa kuianza vita ile. Watu waliokataa kuihesabu meli ya mchele ndio hao hao waliokataa kuwahesabu wanadamu, wa kwao na wa wengine. Maiti za Guadalcanal na maiti za Khedive Ismail ziko katika daftari moja, na waliolishika daftari walikuwa na penseli mkononi.

Mjukuu aliniuliza kama topido nilizoziondoa hazingewasaidia. Nikamwambia ukweli wake. Usiku wa Desemba 3 mwaka 1944, huko Ormoc, ile Take yenye jina la mwanzi iliizamisha destroya ya Kimarekani Cooper kwa topido, na Wamarekani 191 wakafa. Katika daftari langu Cooper inarudi nyumbani. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi waache bila topido." Nami nimeziacha hivyo.

Kati ya destroya zile 38 za Kagero na Yugumo, moja tu, Yukikaze, ilibaki baada ya vita. Misonobari iliyobaki ilikuwa mingi zaidi, ingawa ilizaliwa mwishoni. Baadhi ilitumiwa kuwarudisha Wajapani makwao kutoka ng'ambo, kisha ikagawiwa mataifa yaliyoshinda. Mmoja wa jamaa zake, Nashi, maana yake mpeasi, ulizamishwa na ndege Julai 1945. Mwaka 1954 uliinuliwa kutoka chini ya maji, ukatengenezwa upya, na mwaka 1956 ukaingia katika jeshi jipya la majini la kujihami la Japani. Ukapewa jina la Wakaba, majani machanga, ukatumika hadi mwaka 1971. Katika meli zote za vita za dola ile iliyoanguka, chombo cha jeshi jipya kilichotoka vitani kilikuwa hicho cha daraja la chini, chenye chuma cha kawaida na jina la mti wa matunda.